Mume Wangu Mpole na Antena Yake

Watu wa chama cha magari ya porini walimbandika mume wangu jina la Mpole, na jina likamkaa sawasawa. Mpole akiingia mahali, watu wanalegea. Akisema, "Samahani, naomba kuongeza neno moja dogo tu," wanaume wenye vitambi na sauti za kukoroma wananyamaza wamsikilize. Wake zao hunivuta pembeni na kuniambia, "Mwenzetu wewe umeokota dodo!" Mimi nacheka. Ningefanyaje? Nipande juu ya meza nipige yowe?

Basi mimi ndiye ninayeishi na hilo dodo. Likifika nyumbani na mlango ukafungwa, ile sauti ya asali huvuliwa pamoja na viatu. Hapo mimi ni gunia. Mimi ni mzigo. Mimi ni "we kiumbe." Chai ikiwa moto, nilitaka kumchoma, ikipoa, nimemdharau. Mkono hajawahi kuninyanyulia, na jambo hilo hujisifia nalo, utadhani alitakiwa apewe medali. Lakini mdomo! Nashona mapazia kwa riziki yangu, na nimeshakutana na wateja wa kila namna, hata wale wanaorudisha pazia kwa sababu dirisha lao ni dogo. Hakuna aliyewahi kunifanya nijione takataka isipokuwa yeye.

Mwaka jana maji yalinifika shingoni. Nikaenda kwa mama mkwe, nikamweleza yote. Kikao kikaitishwa sebuleni kwake, viti vikapangwa ukutani, nikasema mpaka koo likanikauka. Ikafika zamu ya Mpole. Aliinama, akaweka viganja katikati ya magoti, akashusha pumzi. "Mimi nampenda mke wangu," akasema. "Kama kuna mahali nimemkwaza, naomba anisamehe mbele yenu wote." Mama mkwe akatoa leso. Wifi yangu, dada mkubwa wa Mpole, ndiye mwenye kauli ya mwisho katika ukoo ule. Akanigeukia macho makavu. "Wifi, huyu mtu hajui hata kupandisha sauti. Shida ni mdomo wako mrefu. Muombe radhi. Na ukituletea tena maneno haya, fungasha virago urudi kwenu."

Nikamwomba radhi, jamani. Nilimwomba radhi mtu aliyeniita gunia asubuhi ile ile, wakati akinifungia mkufu shingoni ili nipendeze kikaoni. Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu: mtu mmoja wa ukoo ule asikie ninachosikia mimi. Mmoja tu, hata kwa dakika moja. Nilifikiria kurekodi kwa simu, lakini simu yangu aliikagua kila jioni, na hilo nalo kwa wenzetu liliitwa mapenzi.

Hapo ndipo redio ilipoingia nyumbani kwetu.

Chama chao kina magari makubwa yenye matairi ya kutisha, ambayo siku nyingi za mwaka hupanda tu ukingo wa barabara mbele ya benki. Mara chache huenda porini kweli, kwa msafara. Zamani waliwasiliana kwa simu za upepo za mkononi, ambazo ukivuka kilima kimoja tu hazisikiki. Mwenyekiti wao, mhandisi mstaafu, akatangaza kwamba kuanzia sasa kila gari liwe na redio ya maana, ile ya kufungwa kwenye gari, ambayo mwenye kuitumia lazima afanye mtihani apewe leseni. Tena akasema kamati inatafuta kiongozi mpya wa misafara. Mpole alirudi nyumbani amevimba kichwa. Uongozi ule aliuona wake.

Mtihani aliusomea kwenye kiti chake, mimi nikimuuliza maswali kutoka kitabuni. Akijibu sawa, ana akili. Akikosea, mimi nimeuliza vibaya. Akafaulu, nami nilifurahi kweli, nilidhani yamekwisha. Thubutu! Wakampa alama yake ya kuitikia hewani, mseto wa herufi na tarakimu, naye akaiandika kwenye kikombe, kwenye koti na kwenye kopo la sukari. Akanitaka simu ya nyumbani niipokee kwa alama hiyo. Mama mkwe alipopiga akakata, akidhani amekosea namba.

Kisha ikaja kuchagua redio yenyewe. Meza ya kulia chakula ilijaa vijitabu na picha, tukawa tunakula magotini. Je, iwe ya masafa ya aina moja au mbili? Iwe na nguvu nyingi au za wastani? Uso wake uwe unabanduka, ili boksi lenyewe lifichwe chini ya kiti na uso tu ukae kwenye dashibodi? Alibadili mawazo kila siku. Mimi mwenyewe nilichaguliwa kwa muda mfupi zaidi, na kwa maswali machache zaidi.

Dukani muuzaji alimuuliza jambo dogo tu: "Unataka kuongea na nani, kaka?"

Hilo Mpole hakuwa amelifikiria. Kuongea alikuwa amelifikiria sana. "Na kila mtu," akasema kwa ile sauti. Muuzaji akalainika pale pale, akamwonyesha redio moja nyepesi, vitufe vichache, ambayo kila mtu chamani alikuwa nayo. Mpole akaishika kwa vidole viwili akairudisha. Akachukua ile yenye vitufe vingi kuliko zote. Njiani kwenda nyumbani akaniambia nilikuwa nimesimama vibaya dukani na kumtia aibu.

Kitabu cha maelekezo nilikisoma mimi kwa sauti, kwa kuwa maandishi yalikuwa madogo, na Mpole hakubali kuvaa miwani. Miwani ni ya wazee. Kwa hiyo ukurasa kwa ukurasa, kifungu kwa kifungu, nikasoma: waya wa umeme uende moja kwa moja kwenye betri, fyuzi iwe karibu na betri, waya usipite penye joto la injini. Alikuwa ananisikiliza amefumba macho, akinikatiza kusahihisha mambo ambayo hakuyajua.

Jumamosi tukafunga antena. Nasema tukafunga, yeye alifunga, mimi nilifungwa. Alikuwa amenunua kitako cha antena chenye sumaku, kizito, cha kubandika juu ya paa la gari. Akakibeba kwa mikono miwili, akapanda ngazi, akakiweka katikati ya paa, akashuka, akarudi nyuma kukitazama. Kikateleza taratibu kwenye kioo cha mbele, kikapita boneti, kikaanguka chini na kutoboa ndoo yangu ya kufulia.

Paa la gari lile ni alumini, na boneti vivyo hivyo. Sumaku haishiki alumini. Hilo aliniambia mwenyewe kabla ya kulinunua gari, alinieleza usiku kucha: alumini haishiki kutu, alumini ni nyepesi. Sasa alinigeukia mimi.

"Umesimama tu unatazama! We kiumbe, una macho ya nini?"

"Ulisema paa ni alumini."

"Na hukunikumbusha! Hiyo ndiyo kazi yako! Kukumbuka vitu vya kipumbavu ndiyo kazi pekee niliyokuachia, na hiyo nayo imekushinda!"

Wakati huo huo kichwa cha jirani kikachomoza juu ya ukuta. Alikuwa anauliza kama kuna mtu ameumia, maana amesikia kishindo. Jamani, ungeona! Uso wa Mpole ulitulia, mabega yakashuka, mkono ukaja begani kwangu. "Hakuna neno, jirani. Tuko hapa mimi na mwenzangu, tunahangaika na kamchezo ketu." Jirani akatutazama kwa huruma nzuri, akasema ndoa za sasa zingekuwa hivi watu wasingeachana. Kichwa kikazama. Mkono begani ukaniminya kabla ya kuondoka.

Akanunua kitako kingine, cha chuma, kinachobanwa kwa skrubu kwenye ukingo wa boneti. Kikashika. Lakini mimi nilikuwa nimeshikishwa kipimo, kile kinachoonyesha nguvu ngapi zinatoka kwenye antena na ngapi zinarudi kuiunguza redio, na mshale wake ulikataa kukaa mahali pema. Akanilaumu kwamba nashika kipimo kwa mkono wa mshona mapazia. Akakata ncha ya antena kwa koleo, kidogo. Mshale ukakataa. Akakata tena, antena ikazidi kuwa fupi. Mwishowe akampigia simu mwenyekiti, kwa asali tupu, na mwenyekiti akamwambia rangi ya boneti ndiyo inayozuia, kitako kiguse bati tupu, akwangue rangi chini ya skrubu. Mpole akaganda na simu sikioni. Gari lile analiosha kwa shampuu ya nywele zangu. Akakwangua huku analia machozi kabisa, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kisha akaenda kununua antena mpya, kwa kuwa ile ya kwanza alikuwa ameinyoa.

Siku ya safari tulikutana asubuhi kwenye kituo cha mafuta nje ya mji. Gari letu lilipangwa la kwanza. La pili lilikuwa la mume wa wifi yangu, naye wifi alikuwa ndani, amejifunga kitambaa kichwani na kukunja uso kwa sababu ya vumbi ambalo lilikuwa bado halijaanza. Yakafuata mengine, na mkiani akakaa mwenyekiti na mkewe. Mwenyekiti akasema mbele ya wote: "Leo Mpole anaongoza. Akiongoza vizuri, jioni kamati inampitisha."

Wifi akaniita kando kabla hatujapanda. "Nasikia umeanza tena kunung'unika kwa mama," akasema. "Wiki ijayo tunakaa. Safari hii hatubembelezi mtu."

Nilikuwa nimemwambia mama mkwe sentensi moja tu, kwamba silali. Nikapanda gari.

Barabarani Mpole alikuwa mfalme. "Kiongozi kwa msafara. Habari za asubuhi, wapendwa. Tuitikie kwa zamu, tafadhali, bila haraka." Gari moja moja likaitika. Ndio utaratibu wao: kiongozi anaita, kila gari linajibu kwa zamu, na anayesema hubonyeza kitufe cha maiki, wengine wote wanakaa kimya kwa kuwa hawana namna. Aliyebonyeza ndiye anayesikika. Tena yeye mwenyewe wakati huo hasikii mtu.

Tulipovuka daraja la mwisho, lami ikakatika. Gari likadunda shimoni na maiki ikachomoka kwenye ndoano yake, ikawa inaning'inia na kumgonga goti. Alitukana. Akaikamata, akaisokomeza katikati ya kiti chake na sanduku la vinywaji lililokuwa kati yetu, kisha akalisukuma sanduku kwa kiwiko ili maiki itulie.

Kwenye uso wa redio taa nyekundu ikawaka.

Taa ile naijua. Nilisoma mimi kitabu chote. Ikiwaka nyekundu, maana yake unarusha. Kila kinachosemwa ndani ya gari kinakwenda magari yote. Na redio zina akili: kitufe kikibanwa kwa muda mrefu, inakata yenyewe, kwa sababu watengenezaji wanajua watu huikalia maiki. Lakini tulipofika kifungu hicho Mpole alifumbua macho na kuniambia nimtafutie jinsi ya kukizima. "Mimi si mtu wa kukatwa katikati ya sentensi," alisema. Nikamtafutia. Akazima.

"Ramani iko wapi?" akafoka.

"Umeikalia."

"Usinijibu! Nikiuliza ramani iko wapi, unanipa ramani, hunipi maelezo. Gunia wewe. Nimekubeba kwenye gari la watu kama mzigo wa viazi, angalau viazi vina faida."

Kinywa changu kilifunguka kumwambia. Naapa kilifunguka. Taa, baba, taa inawaka. Halafu nikakifumba. Si walisema mdomo wangu mrefu? Basi leo nikaukunja.

Nikatazama mbele, nikasema taratibu, "Wifi anasema wiki ijayo kuna kikao."

Akacheka. Kicheko cha raha kabisa, cha mtu aliyenyoosha miguu. "Kikao! Uende tena ukajidhalilishe? Hujajifunza? Nikilegeza sauti hivi..." Akailegeza. Akafanya kabisa, barabarani pale, mikono kwenye usukani: "'Mimi nampenda mke wangu, nisameheni jamani.' Umeona? Mama yangu analia. Yule bibi ukimpa leso na maneno mawili matamu anatia sahihi chochote. Na dada yangu ndiye mjinga kuliko wote, anajiona jaji wa mahakama kuu, kumbe namchezesha tangu utotoni. Nilikuwa navunja vitu, anapigwa yeye. Mpaka leo hajui. Wewe nenda kikaoni. Sema ukweli wote. Nani atakuamini? Nani aliwahi kukusikia wewe?"

Aliendelea, jamani, aliendelea kwa umbali mrefu: mwenyekiti ni kizee kinachojifanya mhandisi, mume wa wifi anatawaliwa na mkewe, mimi mikono yangu inanuka vitambaa, na laiti angeoa mwanamke wa hadhi yake. Yote hayo kwa ile sauti ninayoijua mimi, sauti ya mlango uliofungwa.

Akanyamaza kupiga mwayo. "Unaona redio ilivyotulia?" akasema. "Siku nyingine wanabwabwaja tu. Nikiongoza mimi kuna nidhamu."

Nikatazama kioo cha pembeni. Nyuma yetu kulikuwa na vumbi letu tu, hakuna gari. Nikakaa hivyo hivyo. Halafu ndani ya vumbi lile zikatokea taa, na honi ambayo haikukoma. Gari la mume wa wifi likatupita kwa kasi, likakata mbele yetu na kusimama limeziba njia. Mpole akafunga breki, mimi nikashika dashibodi.

Wifi akashuka. Hakwenda upande wa ndugu yake. Alizunguka mbele ya boneti, kitambaa kimemlegea kichwani, akaja moja kwa moja kwenye mlango wangu na kuufungua.

Mpole akainama kumtazama, uso umeshatulia, mabega yameshashuka. "Dada yangu, kuna shida gani? Mmepata pancha? Pole sana, mngeniita tu hewani."

"Hiyo sauti iache," wifi akasema. "Ile nyingine tumeshaisikia. Wote. Tangu darajani."

Mpole hakuelewa. Aliitazama redio, kisha taa, kisha sanduku la vinywaji. Akalivuta sanduku polepole. Taa nyekundu ikazimika, na hapo hapo redio ikaamka kwa sauti ya mwenyekiti, imechoka: "...Mpole, achia maiki. Kwa hisani yako, achia maiki. Wake zetu wako humu ndani."

Wifi alinishika mkono kunishusha. Tulipofika kwenye gari lao akasimama, akanigeukia. "Kile kikao, mimi ndiye niliyekwambia uombe radhi."

"Ndiyo, ni wewe," nikasema. Sikumpunguzia hata kidogo. Nilimpenda kwa kuja, lakini kumpunguzia sikuweza.

Nikakaa kiti cha mbele. Wifi mwenyewe alinisukumia huko, akakaa nyuma. Mumewe alitazama usukani tu. Redio yao ni ile ya vitufe vichache, imefungwa pale mtu anapoifikia. Mara ikalia.

"Kiongozi kwa msafara." Asali. Bado asali, jamani! "Wapendwa, naona kumetokea hitilafu ndogo ya mitambo. Yale yalikuwa utani wa mke na mume. Naomba tuitikie kwa zamu, tafadhali. Gari la pili?"

Hatukuitika.

"Gari la tatu?" Kimya. Akaita la nne. Akaita la tano, sauti imeanza kupanda pembeni kidogo, pale ninapopajua. Akamwita mwenyekiti. Hakuna aliyejibu. Kupitia kioo nilimwona, ameinamia usukani na maiki mdomoni.

Wifi akanyoosha mkono kati ya viti, akachomoa maiki kwenye ndoano, akaniwekea mapajani. Mumewe akakohoa. "Kisheria, shemeji, asiye na leseni haruhusiwi..."

"Nyamaza," wifi akamwambia.

Nikaishika. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. Mpole angeweza kuzima redio yake, lakini kiongozi wa msafara hazimi redio, hasa siku ambayo kamati inamtazama. Nikakibonyeza kitufe, taa nyekundu ikawaka upande wangu, nikaanza kusema, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane hakuwa na namna ya kunikatiza.